Kujaza Stoo ya Nyumbani Mombasa Bila Kulisha Fukusi

Wifi yangu alipohamia Kisauni kutoka Nairobi, alinunua vyakula kama alivyozoea huko: mchele na unga wa miezi mitatu, pamoja na viungo vilivyokwisha kusagwa. Alisahau kwamba joto na unyevu wa pwani havingemvumilia, na baada ya wiki saba mchele ulikuwa ukitembea wenyewe. Hatua zifuatazo ndizo tulizozifuata tulipoanza upya.

Hatua ya kwanza: Pima mnachokula. Nyumba yangu ya watu sita hupika kilo moja ya mchele kwa siku, kwa hiyo gunia la kilo 25 hutosha siku 25. Andika hesabu kama hiyo kwa sukari, unga, maharagwe na mafuta.

Hatua ya pili: Gawanya ununuzi kwa masoko. Nafaka, kunde, pojo na vitunguu mimi hununua Kongowea asubuhi mapema, na sukari, unga na mafuta ya jerikeni katika duka la jumla. Viungo hununuliwa Marikiti, soko ambalo jina lake la zamani ni Mackinnon, vikiwa vizima: iliki, mdalasini, karafuu, bizari nyembamba na pilipili manga. Sikubali kununua bizari ya manjano iliyosagwa, kwani unga huficha mengi na harufu yake hupotea upesi. Kinu kidogo cha nyumbani hurudisha gharama yake. Nenda na vikapu vyako, maana mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017. Kabla ya kulipa, ingiza mkono hadi katikati ya gunia la mchele. Ukitoka na vumbi kama unga, fukusi wamekwisha kufika kabla yako.

Hatua ya tatu: Ua mayai kabla ya kuhifadhi. Hapa ndipo nilipopoteza mali na saa nyingi, na ndipo ninapoomba msomaji asiharakishe. Fukusi jike hutoboa punje, hutaga yai ndani yake na kuliziba tundu, hivyo mchele unaoonekana safi kabisa waweza kuwa na kizazi kizima ndani. Katika joto letu kizazi hicho hukomaa kwa muda wa takribani mwezi mmoja, na ndiyo sababu sinunui mchele unaozidi mwezi huo isipokuwa nina nafasi kwenye friza. Majani ya mwarobaini, ambayo bibi yangu aliyaamini sana, husaidia kuwafukuza wadudu wakubwa, lakini hayafiki kwenye yai lililo ndani ya punje. Kuanika juani hufaa maharagwe; mchele wa pishori au basmati ukikaa juani hupasuka, na wali wake hugeuka bokoboko.

Njia ninayoitegemea ni baridi. Gawa mchele katika mifuko minene ya kilo nne au tano, kwa sababu katikati ya gunia zima huchelewa mno kuganda. Funga mifuko hiyo isiingie hewa, kisha iweke kwenye friza yenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki moja. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, anza hesabu ya siku upya. Wiki ikiisha, toa mifuko na uiache ikiwa imefungwa hadi siku ya pili. Mara ya kwanza niliifungua papo hapo nikimimina kwenye pipa kwa furaha. Hewa yenye unyevu ikakutana na punje baridi, ikaacha umande, na baada ya siku nane kilo 25 zilinuka ukungu. Nilizitupa zote, kwani nafaka yenye ukungu hailiwi wala haifai kulishwa kuku.

Asiye na friza anunue mchele wa wiki mbili tu. Hasara ya bei ni ndogo kuliko ya gunia. Dawa za unga za kuhifadhia mahindi ghalani mimi siziingizi jikoni hata kidogo.

Hatua ya nne: Vyombo. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana inatosha. Iwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta unaotoa jasho wakati wa masika. Chakula kipya kisimiminwe juu ya cha zamani. Osha chombo, kikauke kabisa, ndipo ujaze tena. Unga wa atta ufunguliwe pakiti moja kwa wakati mmoja, kwani una mafuta ya ngano na huchacha mapema kuliko unga mweupe.

Nazi haiingii stoo. Nunua tano za wiki, na kila moja itikise sikioni: isiyosikika maji mrudishie muuzaji.