Usisubiri "mengineyo": namna ya kuulizia mapato na matumizi ya kijiji

Mbukwenyi, ndiyo salamu yetu ya Kigogo. Nilikaa kwenye halmashauri ya kijiji miaka mitano, 2014 hadi 2019, na miaka mitatu ya mwanzo kazi yangu ilikuwa kupiga makofi. Haya nimeyajulia mezani, siku hizi nayatumia nikiwa nimekaa chini ya mbuyu na wenzangu. Kijiji chetu kiko Dodoma, njia ya kwenda Bahi. Jina nalibakiza, maana afisa mtendaji wa kijiji wa wakati ule bado tunakutana mnadani na tunasalimiana vizuri.

Katiba ya Tanzania ibara ya 8 inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote na Serikali itawajibika kwao. Ijue, lakini usisimame ukaanza nayo. Ukianza na Katiba, nusu ya mkutano wanasema umetumwa na chama. Anza na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982. Humo ndimo imeandikwa kwamba mkutano wa kijiji, yaani wakazi wote wa miaka 18 na kuendelea, ndio wenye kauli kuu katika mambo ya kijiji. Mwenyekiti na wajumbe wake ni watekelezaji.

Mkutano wa kawaida huitishwa kila miezi mitatu. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na robo ya mwanzo wa mwaka watu wote wako shambani wanapalilia mtama na uwele. Akidi haitimii. Wapo viongozi wanaoipenda robo hiyo kuliko zote. Swali zito liweke akiba hadi baada ya mavuno, Juni au Julai, watu wakiwepo.

Sasa ajenda. Kufungua, kusoma muhtasari uliopita, yatokanayo na muhtasari huo, taarifa, halafu mwisho kabisa mengineyo. Wengi hubeba swali lao mpaka mengineyo, na hapo ndipo linapofia. Jua limeshuka, kina mama wamewahi maji, wazee wanatafuta fimbo zao. Mwenyekiti anasema "tumelipokea, tutalifanyia kazi", mkutano umefungwa. Swali la fedha mahali pake ni yatokanayo, na ili lifike huko lazima liwe limeandikwa kwenye muhtasari wa mkutano wa nyuma. Kwa hiyo mara ya kwanza usihangaike na jibu. Sema, "Ndugu Mwenyekiti, naomba liandikwe." Kisha usikae. Baki umesimama mpaka uone kalamu ya mtendaji inatembea. Robo inayofuata, muhtasari ukisomwa, swali linafufuka lenyewe, na hakuna wa kusema umekurupuka.

Ukiuliza "fedha zetu zimekwenda wapi?" utajibiwa "zimekwenda kwenye maendeleo". Ukisema "zimeliwa", utaambiwa ulete ushahidi, na jioni hiyo hiyo shemeji yako mwenyekiti hatakuja kwako kula. Uliza kitu kinachohesabika. Tulipochangia zahanati, kila kaya ilitoa 10,000. Taarifa ikasomwa: michango ya wananchi, 1,850,000. Mwenzangu mmoja, muuza mafuta ya alizeti, hakubishana na ile namba. Aliuliza: "Vitabu vya stakabadhi vilivyotumika ni vingapi, na vinaanzia namba ngapi hadi ngapi?" Kimya. Kila stakabadhi ina namba, na nakala yake inabaki kitabuni. Mtendaji alivileta vitabu ndani ya kiroba cha unga, vinne. Tukavipanga kwenye benchi kwa namba, na kati ya cha pili na cha tatu kulikuwa na pengo la kitabu kizima. Mimi nilikuwa mezani siku hiyo, nimeinamisha kichwa, kwa sababu taarifa ile tuliipitisha sisi wajumbe bila kufungua hata kitabu kimoja. Kitabu cha tano kilipatikana baada ya wiki mbili. Namna kilivyopatikana ni habari nyingine.

Kwa upande wa matumizi, omba hati za malipo na taarifa ya benki, uzilinganishe na kitu unachoweza kukigusa. Mifuko ya saruji, bati, tripu za mchanga. Nenda kwenye jengo kabla ya mkutano, uhesabu bati kwa macho yako.

Utakutana na jibu jingine: "Hili ni agizo kutoka juu." Usigombane nalo, liulize kwa upole lina jina gani. Kama ni faini au mchango wa lazima, ni sheria ndogo ipi? Sheria ndogo ya kijiji hujadiliwa kwanza na mkutano wa kijiji, kisha huidhinishwa na halmashauri ya wilaya, kwa hiyo ina tarehe mbili. Omba zote mbili. Na kama jambo ni la kumgawia mtu ardhi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inakataza halmashauri ya kijiji kugawa bila kibali cha mkutano.

Mkutano usipoitishwa kabisa, andika barua kwa mwenyekiti, nakala kwa mtendaji wa kata na kwa mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya. Itaje Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayotaka ujibiwe ndani ya siku 30. Beba mbili zinazofanana. Moja iachwe, nyingine igongwe mhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo nyumbani. Anayeipokea akikwambia mhuri umefungiwa kabatini, keti. Mhuri huwa unapatikana kabla ya saa sita. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, uwaachie dalili za wizi, siyo taarifa iliyochelewa wiki moja.

Taarifa ikibandikwa ukutani mwa ofisi, ipige picha kwa simu siku hiyo hiyo. Ya kwetu ya robo ya tatu ilibandikwa kwa uji wa mtama, na mbuzi waliila mpaka kwenye jumla.