Kifuniko si kipimo: jua bomba lako la kupulizia dawa linatoa lita ngapi kwa ekari

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye shamba la nyanya upande wa Magu, mkoani Mwanza, karibu na Ziwa Victoria. Majani yalikuwa yamechorwa michirizi ya kanitangaze, kiwavi mdogo anayetoboa majani ya nyanya, hadi juu kabisa. Mwenye shamba alinionyesha chupa tatu tupu, zote zimeisha ndani ya wiki mbili. "Bwana shamba, dawa za siku hizi zimechakachuliwa," akasema. Nikamuuliza anapimaje, akainua kifuniko cha chupa. "Viwili kwa bomba. Wadudu wakizidi, vitatu."

Nilikuwa na sirinji mfukoni, tukavipima vifuniko vyake palepale kwa maji. Cha kwanza kilibeba mililita 7, cha pili 10, cha tatu 16. Kwa hiyo "viwili" vyake ni 14 leo na 32 Jumamosi. Halafu tukasoma lebo: majina matatu ya kibiashara, kiini kimoja, yaani kemikali yenyewe inayoua wadudu: klorantraniliproli. Yeye alidhani anabadilisha dawa, kumbe alikuwa anabadilisha chupa tu. Tazama namba ya kundi kwenye lebo, inayoonyesha dawa inavyomuua mdudu. Zote zikiwa 28, hujabadilisha kitu.

Kiini hicho kilitoka kwa DuPont ya Marekani, na mwaka 2017 kikahamia kampuni ya FMC yenye makao yake Philadelphia. Nawatajia FMC kwa sababu kampuni hiyo haikuanzia kwenye dawa. Ilianza na bomba. Mwaka 1883 huko California, mzee mstaafu aitwaye John Bean alikuwa na shamba la lozi lililovamiwa na wadudu gamba. Dawa za kupulizia zilikuwepo, ila mabomba ya wakati ule yalitoa maji kwa kushtukashtuka: mti huu unalowa, ule unapata matone. Akatengeneza bomba linaloshika mgandamizo usiokatika, majirani wakalitaka, kampuni ikazaliwa. Mwaka 1943 ikanunua kampuni ya kemikali za mashambani, 1948 neno "kemikali" likaingia kwenye jina lake, na 1961 ikajiita FMC. Katikati hapo iliunda hata magari ya kijeshi, lakini hayo tuwaachie wenyewe. Mwaka 2001 ikatenga biashara yake ya mashine, ikabaki na kemikali. Yaani leo wanakuuzia dawa. Kazi ya bomba ambayo mzee Bean aliihangaikia umeachiwa wewe, nawe umeikabidhi kwa kifuniko!

Sasa fanya hivi, kesho asubuhi, kwa maji matupu. Pima kipande cha shamba kwa futi ya kamba, si kwa macho: mita 10 kwa mita 10. Mimina lita 5 kamili kwenye bomba. Pulizia kipande chote kwa mwendo wako wa kila siku na pampu yako ya kila siku. Usijitie ustadi kwa sababu bwana shamba anakutazama. Kisha mimina yaliyobaki kwenye jagi lenye alama, usome. Yakibaki lita 3, umetumia 2. Zidisha kwa 40, maana ekari ina vipande kama hivyo takriban 40: lita 80 kwa ekari. Kwa bomba la lita 16 hayo ni mabomba 5. Lebo ikisema mililita 100 kwa ekari, kila bomba linapata mililita 20. Basi.

Mzee wa Magu alipata hizo lita 2. Tukampa kijana wake bomba lilelile, nozeli (ncha inayotoa dawa) ileile. Kijana anatembea polepole, akatumia lita 3. Hiyo ni lita 120 kwa ekari, mabomba saba na nusu, na kipimo chake ni mililita 13 kwa bomba. Angeweka 20 za baba yake, angemwaga mililita 150 kwenye ekari inayotaka 100. Kwa hiyo msikopeshane vipimo, hata ndani ya nyumba moja.

Kama lebo inatoa kipimo kwa lita 20 za maji na bomba lako ni la 16, punguza: mililita 20 zinakuwa 16. Hili nimelisema kila msimu na bado nakuta watu wanamimina zote.

Nunua sirinji ya mililita 20 duka la mifugo, na isirudi kwa ng'ombe. Nozeli pima kwa dakika moja. Ikitoa zaidi ya asilimia 10 kuliko ilipokuwa mpya, itupe. Ikiziba, tumia mswaki laini na maji, si waya, na usiipulize kwa mdomo. Tafadhali.

Pulizia kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya saa 10 jioni, kabla upepo wa ziwa haujachukua dawa yako kwenda kwa jirani. Elekeza chini ya jani pia. Na usirudie kesho yake eti umeona kiwavi anajongea: dawa hii ya kundi 28 inamkaza misuli, anaacha kula ndani ya saa chache, anakufa baada ya siku mbili hadi nne. Michirizi mipya isipoongezeka, umepatia.

Bomba lisioshwe ziwani. Sheria ya mazingira ya Tanzania ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni ziachwe bila shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira, na pale unaposuuzia ndipo mtoto wa mwenzio anachota maji. Suuza mara tatu shambani, maji hayo yarudi kwenye mimea uliyopulizia.

Ukishapata namba yako, iandike kwenye bomba kwa rangi ya kucha, wino unafutika. La mzee wa Magu sasa limeandikwa: BABA 20, KIJANA 13.