Ongea na mtandao wa kerneli ya Linux moja kwa moja kwa soketi ya netlink

Wadau, watu wengi wakitaka programu yao ijue kadi ya mtandao ipo hewani au imekatika, wanaita amri ya ip afu wanachambua maneno yaliyotoka mstari kwa mstari. Siku mpangilio wa yale maneno ukibadilika kazi yote imelala. Na hiyo ip yenyewe huwa inaiuliza kerneli (kiini cha Linux) kupitia soketi ya netlink, yaani njia ya programu kuongea na kerneli, sasa kwa nini na wewe usiulize mwenyewe? Tunatumia Python tupu, hakuna laibrari ya kuongeza, na kwa kusoma tu huhitaji kuwa root (ukitaka kubadilisha vitu ndo unadaiwa ruhusa ya CAP_NET_ADMIN).

Hatua ya 1: fungua soketi

```
import socket, struct
s = socket.socket(socket.AF_NETLINK, socket.SOCK_RAW, socket.NETLINK_ROUTE)
s.bind((0, 0))
```

Ile 0 ya kwanza ni anwani yako, iache hivyohivyo kerneli ikupangie. Kuna mahali utaambiwa uweke PID (namba ya mchakato) ya programu yako, usifanye, maana ukifungua soketi ya pili kwa namba ileile unakula EADDRINUSE, kosa la anwani inayotumika tayari.

Hatua ya 2: tunga swali

```
swali = struct.pack("=IHHII", 32, 18, 0x301, 1, 0)
swali += struct.pack("=BxHiII", 0, 0, 0, 0, 0)
s.send(swali)
```

Mstari wa kwanza ni kichwa cha ujumbe, baiti 16: urefu wote, aina, flagi, namba ya mfuatano, anwani ya mtumaji. 18 ni RTM_GETLINK, ombi la taarifa za intafesi (kadi za mtandao), na 0x301 inasema hili ni ombi, nipe orodha nzima. Mstari wa pili ni ifinfomsg, muundo wa taarifa za intafesi, baiti 16 zingine, zote sifuri. Kama umezoea kugeuza namba kwa htons kwenye TCP, hapa hapana, netlink inatumia mpangilio wa baiti wa mashine yako.

Hatua ya 3: soma majibu

Hapa tulia kabisa. recv moja inaweza kuleta ujumbe kadhaa umeongozana, na orodha moja inaweza kuja kwa recv kadhaa, kwa hiyo unaendelea kusoma mpaka ukutane na ujumbe wa aina 3, yaani NLMSG_DONE (aina 2 ni kosa). Ndani ya kila ujumbe kuna sifa, vipande vya taarifa vyenye urefu na aina yake, na sifa ya aina 3 ni jina la intafesi, ndo tunalochapisha hapa.

```
endelea = True
while endelea:
    d = s.recv(65535)
    while d:
        urefu, aina = struct.unpack_from("=IH", d)
        if aina == 3:
            endelea = False
            break
        if aina == 2:
            raise OSError(-struct.unpack_from("=i", d, 16)[0])
        p = 32
        while p + 4 <= urefu:
            l, t = struct.unpack_from("=HH", d, p)
            if t == 3:
                print(d[p+4:p+l-1].decode())
            p += (l + 3) & ~3
        d = d[(urefu + 3) & ~3:]
```

Angalia ule mstari wa `(l + 3) & ~3`, ndo unaotesa watu. Chukua intafesi ya lo: jina ni baiti 2, na sifuri ya mwisho zinakuwa 3, jumlisha 4 za urefu na aina unapata 7, lakini sifa inayofuata inaanza baiti ya 8 kwa sababu kila sifa lazima ianzie kwenye kigawe cha 4, ukiruka 7 tu basi kila utakachosoma baada ya hapo ni takataka na wala hakuna kosa litakalotokea kukuonya.

Hatua ya 4: sikiliza mabadiliko

Fungua soketi nyingine, ila sasa `bind((0, 1))`, hiyo 1 ni kundi la RTMGRP_LINK, la taarifa za mabadiliko ya intafesi. Afu kwenye terminali ya pembeni piga:

```
sudo ip link add jaribu0 type dummy
```

Utapokea aina 16, RTM_NEWLINK, papo hapo. Ukiifuta inakuja 17.

Kwenye programu ya kweli anza kusikiliza KWANZA ndo uombe orodha, ukianza na orodha kuna mwanya katikati ambapo kadi inaweza kudondoka na usijue. Na ukichelewa kusoma bafa ikajaa, recv inakurudishia ENOBUFS: tayari kuna taarifa zimepotea na kerneli haizirudii. Kuongeza SO_RCVBUF (ukubwa wa bafa ya kupokelea) kunapunguza hilo lakini hakuliondoi, kwa hiyo ukiona ENOBUFS tupa picha uliyokuwa nayo, rudi hatua ya 2, uombe orodha upya.