Kurekebisha pawa fakta kwenye kiwanda cha korosho: pima kwanza, kapasita baadaye

Mwenye kiwanda cha kubangua korosho akiniita kwa ajili ya bili, kabla ya kufungua paneli naomba ankara. Mteja wa ukubwa huo TANESCO humtoza uniti alizotumia, na pia kilele cha kVA (umeme wote unaobebwa na nyaya, wa kazi na wa sumaku) alichofikia ndani ya mwezi. Pawa fakta mbovu inamuumiza kwenye hicho kilele.

Mota ya fezi tatu lazima ijenge sumaku ndani yake ndipo izungushe kitu. Umeme wa kujenga sumaku hauliwi, unakwenda na kurudi tu, lakini nyaya na transfoma vinaubeba vilevile. Gawanya kW (umeme unaofanya kazi) kwa kVA, hiyo ndiyo pawa fakta yako; kadiri inavyokaribia 1 ndivyo ilivyo nzuri. Kapasita huipa mota umeme wa sumaku papo hapo, usitoke mbali.

Hatua ya 1: Pima kazi ikiwa imechanganya

Tumia klampu mita (mita inayobana waya) inayosoma kW na kVA. Pima msimu wa korosho ukiwa umekolea, tanuri, feni na kompresa vyote vikiwa kazini. Kisha rudia saa ya chakula, mashine nyingi zikiwa zimezimwa. Namba hizo mbili zitakuongoza hadi mwisho.

Hatua ya 2: Tafuta mota zinazopwaya

Hapa ndipo mafundi wengi wanaparuka, na mimi napapigania kila mara. Mota ya kW 22 ikipewa kazi ya kW 7, pawa fakta yake inaweza kushuka hadi 0.6 au chini. Zima zinazozunguka bure, na pale inapowezekana funga mota inayolingana na kazi. Ukirukia kapasita, umefunika kidonda kikiwa na usaha.

Hatua ya 3: Piga hesabu

Tuseme umepata kW 60 kwa pawa fakta ya 0.72, na unataka 0.95. Tanjenti ya pembe yenye kosaini 0.72 ni 0.96, yenye kosaini 0.95 ni 0.33. Toa, zidisha kwa 60: unahitaji kapasita za kVAR 38 hivi (kVAR ni kipimo cha umeme wa sumaku). kVA zitashuka kutoka 83 hadi 63, na kwa volti 400 mkondo utatoka ampea 120 hadi 91. Usilenge 1 kamili, maana mzigo ukipungua kapasita zitazidi na volti itapanda.

Hatua ya 4: Chagua pa kufunga

Mota inayofanya kazi kutwa nzima ipewe kapasita yake. Zinazowaka na kuzimwa zihudumiwe na kapasita za paneli kuu, zenye kidhibiti kinachoingiza na kutoa chenyewe.

Kapasita ya kwenye mota isivute zaidi ya asilimia 90 ya mkondo wa mota hiyo ikizunguka bila mzigo. Ukizidisha, mota ikizimwa huku bado inazunguka, kapasita inailisha sumaku, inageuka jenereta na volti zinaruka. Ukiifunga baada ya ovalodi (kifaa kinachokata umeme mota ikizidiwa), punguza seti ya ovalodi, kwa sababu mkondo unaopita pale umepungua. Mota ya sta-delta (inayoanza kwa sta kisha kuhamia delta), kapasita iwe na kontakta yake, yaani swichi yake ya sumaku. Upande wa kutokea wa kifaa cha kubadili kasi ya mota, usifunge kapasita kabisa.

Hatua ya 5: Funga kwa usalama

Kapasita za kVAR 40 huvuta ampea 58 kwa volti 400. Nyaya zihimili angalau mara moja na nusu ya hapo. Mimi hutumia fyuzi ya ampea 100.

Kuzima swichi hakumalizi umeme uliomo ndani. Subiri dakika tano, kisha pima volti kati ya kila jozi ya fezi, na kila fezi na ardhi. Kijana niliyekuwa naye kazini alishika skrubu mara tu baada ya kuzima. Ukinzani wa kutoa chaji, ule unaomaliza umeme wa kapasita ikishazimwa, ulikuwa umekatika bila sisi kujua. Alirushwa hadi ukutani. Alipona, lakini tangu siku ile mita inatangulia mkono wangu.

Hatua ya 6: Rudi tena

Rudia vipimo vya hatua ya kwanza, kisha kagua kila baada ya miezi mitatu. Upepo wa bahari wa huku Mtwara unaotesha kutu ya kijani kwenye skrubu za shaba, na skrubu iliyolegea huunguza waya. Tazama kifuniko cha kapasita: kikituna kama kopo la nyanya lililooza, itoe. Halafu bana klampu kwenye kila fezi. Kapasita ya kVAR 10 isome ampea 14 hivi kwenye fezi zote tatu. Fezi moja ikisoma 9, hiyo kapasita imeanza kufa hata kama haijavimba. Badilisha siku hiyohiyo.