Namba ya CA-125 na wenzake: jinsi ya kuisoma kabla ya matibabu, wakati wa matibabu na baada yake

Somo hili ni la mwanamke aliyeshika karatasi ya maabara yenye CA-125 na herufi H (yaani namba iko juu) pembeni, na la binti au mume anayemsindikiza. Nafanya kazi maabara hapa Mombasa. Kinachoniuma ni kuona mtu ameshajihukumu kwa namba moja kabla hajaonwa na daktari, na mwingine ametulia nyumbani na tumbo linazidi kuvimba kwa sababu namba yake ilitoka nzuri. Wote wawili wameipa namba kazi isiyo yake. Viashiria vya saratani, CA-125 ikiwa kimojawapo, ni protini na homoni ambazo uvimbe humwaga kwenye damu, lakini mwili usio na saratani nao huzitoa. Vinafaa sana kufuatilia ugonjwa uliokwisha kujulikana. Kuuthibitisha ugonjwa wenyewe, mara nyingi, ni kazi ya kipande cha nyama kilichokatwa na kutazamwa kwa hadubini.

Hatua ya 1: Kabla ya kutoa damu, uliza kipimo kinatafuta nini

CA-125 ilitambuliwa na kundi la Robert Bast kule Boston mwaka 1981. Kikomo cha yuniti 35 kwa mililita kiliwekwa kwa sababu karibu watu wote wenye afya wako chini yake. Lakini juu ya 35 wamejaa pia wanawake wasio na saratani: wenye faibroidi, endometriosisi, maambukizi ya mirija, wajawazito, walio kwenye siku za hedhi, wenye ini au moyo uliochoka, na wenye TB ya tumbo. Na upande wa pili, karibu nusu ya saratani za ovari zilizo katika hatua ya kwanza haziipandishi CA-125 hata kidogo.

Kwa hiyo kama huna dalili na ukoo wako hauna historia ya saratani ya ovari au ya titi, usinunue kipimo hiki ili "kujiangalia tu". Uingereza walifuatilia wanawake zaidi ya 200,000 waliokoma hedhi, wengine wakipimwa CA-125 kila mwaka, na matokeo yaliyotoka 2021 yalionyesha kwamba kupimwa huko hakukupunguza vifo vya saratani ya ovari. Pesa hiyo ibaki mfukoni.

Ukiwa na dalili ni habari nyingine: tumbo kujaa, kushiba kwa matonge mawili matatu, maumivu ya kinena, kwenda haja ndogo kila mara, na haya yakujie karibu kila siku kwa wiki kadhaa, hasa ukiwa umepita miaka 50. Hapo nenda, na usikubali kurudishwa na dawa za gesi mara tatu bila kupigwa altrasaundi.

Hatua ya 2: Jua kiashiria kipi ni cha uvimbe upi

Hapa ndipo watu wengi hupotea, maana CA-125 ndiyo inayojulikana na mingine haiulizwi.

CA-125 ni ya saratani zinazoanzia kwenye ngozi ya juu ya ovari na mirija, ambazo ndizo nyingi kwa wanawake waliokoma hedhi. HE4, kiashiria kingine, hupimwa pamoja nayo mahali inapopatikana, na sifa yake ni kwamba endometriosisi haiipandishi kwa urahisi. Uvimbe wa ovari unaotoa ute hupandisha viashiria vya CEA na CA 19-9. CEA ikiwa juu sana kuliko CA-125, daktari ataulizia tumbo na utumbo mpana, kwa sababu saratani za huko hupenda kuhamia kwenye ovari.

Sasa msichana wa miaka 15 au 22 mwenye uvimbe wa ovari. Kwake CA-125 peke yake haitoshi. Umri huo ndio wa uvimbe unaotokana na chembe za mayai, na vipimo vyake ni AFP, hCG (homoni ya mimba) na LDH. Nasisitiza hili kwa sababu uvimbe huu hupona vizuri mno kwa dawa, na mara nyingi daktari huondoa ovari moja tu na kuacha kizazi na ovari ya pili, binti akaja kuzaa baadaye. AFP ikiwa juu sana kwa binti mwenye uvimbe wa ovari, hiyo ni rufaa ya wiki hii, si ya mwezi ujao. Na hCG inapopanda, mimba ya kawaida ichunguzwe kwanza.

Uvimbe unaotengeneza homoni za kike una kiashiria kiitwacho inhibini. Saratani ya ukuta wa ndani wa kizazi haina kiashiria cha kutegemewa. Dalili yake ni damu kutoka baada ya hedhi kukoma, na jibu lake ni kukwanguliwa ukuta huo.

Mlango wa kizazi nao, ambao ndio unaoongoza kwa saratani za uzazi nchini Kenya, haugunduliwi kwa kipimo cha damu. Nenda upimwe HPV, kirusi kinachousababisha, au upakwe siki ya hospitali. Binti zetu wana chanjo tangu Oktoba 2019, na uzinduzi wake wa kitaifa ulifanyika papa hapa Mombasa.

Hatua ya 3: Soma namba pamoja na skani na umri

Madaktari wana hesabu iliyoanza kutumika 1990, nayo huzidisha vitu vitatu: alama ya skani (altrasaundi), alama ya hedhi, na CA-125 yenyewe. Skani huangaliwa mambo matano: uvimbe wenye vyumba vingi, sehemu ngumu ndani yake, ovari zote mbili kuvimba, maji tumboni, na dalili za kusambaa. Jambo moja likionekana ni alama 1, mawili au zaidi ni alama 3, na lisipoonekana hata moja ni 0. Hedhi ikiendelea ni 1, ikiwa imekoma ni 3.

Chukua wanawake wawili wenye CA-125 ile ile ya 120. Wa kwanza ana miaka 29, anapata hedhi, skani ina jambo moja: 1 × 1 × 120 ni 120. Wa pili ana miaka 58, hedhi imekoma, skani imeonyesha sehemu ngumu na maji: 3 × 3 × 120 ni 1,080. Wengi hutumia 200 kama mpaka. Wa kwanza atafuatiliwa kwa utulivu. Wa pili anatakiwa kwa daktari bingwa wa saratani za wanawake bila kuchelewa.

Nasema bingwa makusudi. Uvimbe wa ovari unaoshukiwa hautobolewi kwa sindano kunyonywa maji, wala hautolewi kwa haraka na mtu asiyejiandaa, kwa sababu ukipasuka ndani unaweza kumwaga ugonjwa tumboni. Hospitali ya rufaa ya Pwani yetu ni Coast General, ambayo wengi tunaiita Makadara. Hakikisha usajili wako wa SHA, bima ya afya ya serikali, uko sawa kabla ya kwenda. SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na bado nakutana na watu wenye kadi za zamani tu.

Hatua ya 4: Maabara moja, faili moja

Mashine tofauti hutoa namba tofauti kwa damu ile ile. Ukipima leo mjini na mwezi ujao Nyali, huwezi kujua kilichobadilika ni ugonjwa au ni mashine. Chagua maabara moja ubaki nayo, na kila karatasi iandikwe tarehe, jina la maabara na, kama uko kwenye kemo, ni dozi ya ngapi. Ikiwezekana usipime ukiwa kwenye hedhi, wala wiki chache baada ya upasuaji wa tumbo, kwani jeraha linalopona hupandisha CA-125. Vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini huvuruga baadhi ya mashine, basi mwambie anayekutoa damu.

Namba moja ni kama kuitazama bahari mara moja pale kivuko cha Feri: huwezi kusema maji yanajaa au yanapwa. Namba tatu zenye tarehe zinasema.

Hatua ya 5: Wakati wa matibabu

Saratani ya ovari ya aina ya kawaida hutibiwa kwa upasuaji wa kuondoa kila kinachoonekana, na dawa mbili za kemo, kaboplatini na paklitakseli, kila wiki tatu, kwa kawaida mara sita. Ugonjwa ukiwa umetapakaa, kemo huweza kutangulia mara tatu, ndipo upasuaji, kisha kemo imaliziwe. CA-125 hupimwa kabla ya kuanza na kabla ya kila dawa. Ikishuka kufikia nusu au chini na kukaa huko kwa siku 28, madaktari huhesabu kwamba ugonjwa umeitikia dawa. Usishtuke isiposhuka baada ya dawa ya kwanza.

Uvimbe wa chembe za mayai hupewa bleomisini, etoposidi na sisplatini. Hapo namba hutazamwa kwa ukali zaidi: hCG inatakiwa ipungue nusu kila siku moja na nusu hivi, AFP kila siku tano hadi saba. Zikichelewa kushuka, daktari anajua mapema kwamba dawa haishiki.

Kiashiria ninachokiheshimu kuliko vyote ni hCG kwa saratani inayotokana na mimba, hasa mimba zabibu, yaani mimba isiyokua sawa ambayo kondo lake huvimba kama vishada vya zabibu. Mwaka 1956, Min Chiu Li na Roy Hertz wa Marekani walimtibu mwanamke mwenye saratani hiyo kwa methotreksati, na ilikuwa mara ya kwanza uvimbe uliosambaa kuponywa kwa dawa tupu. Mpaka leo hCG ndiyo inayomwambia daktari aanze lini na aache lini. Hapa hata kipande cha nyama si lazima.

Kwa mlango wa kizazi uliofika hatua ya mbali, tiba ni mionzi pamoja na sisplatini kila wiki, kisha mionzi ya ndani. Huko hutafuatiliwa kwa namba. Utachunguzwa kwa mkono na kwa picha.

Hatua ya 6: Baada ya kumaliza

Utafiti uliotolewa 2010 ulilinganisha wanawake waliorudishiwa kemo mara tu CA-125 ilipopanda na wale waliosubiri dalili. Waliowahi hawakuishi zaidi, na walipata madhara ya dawa mapema zaidi. Kwa hiyo kuendelea kupima ni jambo la kuzungumza na daktari wako. Kwa tiba za siku hizi wengine bado wanafuatilia, na wapo wanawake ambao wanalala usingizi zaidi wakijua. Ila kila mara usimulie mwili wako kwanza, karatasi ifuate.

Maswali ya wasomaji

Mama Zuhura, Kisauni: Dada, asalaam aleikum. Nina miaka 38, nina faibroidi, CA-125 imetoka 68. Jirani yangu aliye nesi amesema nijiandae. Nijiandae na nini?

Waaleikum salaam mamangu. Jiandae na altrasaundi nzuri inayozitaja ovari zako moja moja. Namba 68 kwa mwenye faibroidi na hedhi inayoendelea ni jambo la kawaida sana. Rudia kipimo hedhi ya mwezi huu ikishaisha, maabara ile ile. Ovari zikiwa safi, kinachotibiwa ni faibroidi.

Bin Omari, Likoni: Mama yetu tumbo limejaa maji, amekonda, CA-125 ni 640. Tumeambiwa ni saratani ya ovari imeenea, tumrudishe nyumbani apumzike. Ana kikohozi pia.

Ndugu yangu, msimrudishe bado. TB ya tumbo huleta picha hiyo hiyo: maji, kukonda, na CA-125 ya mamia. TB hiyo inatibika kabisa kwa dawa za bure za serikali. Ombeni maji yaliyojaa tumboni (si ya ndani ya uvimbe) yachukuliwe yapimwe chembe za saratani na TB, makohozi nayo yapimwe, na kipande cha utando wa tumbo kikatwe kwa kamera. Hata ikithibitika ni saratani, iliyoenea nayo ina matibabu ya kumpa muda na nafuu. Nendeni wiki hii.

Baba Rehema, Mtwapa: Mke wangu alisafishwa mimba zabibu. hCG ilishuka vizuri, sasa wiki tatu imekaa pale pale. Yeye anataka tujaribu mtoto mwingine. Nifanye nini?

Pole sana, na hongera kwa kulifuatilia. Rudini kliniki na namba zote. hCG ikisimama kwa vipimo vinne ndani ya wiki tatu, au ikipanda kwa vipimo vitatu ndani ya wiki mbili, madaktari huhesabu kwamba imeanza kuwa saratani, na kwa wengi methotreksati huimaliza. Mtumie uzazi wa mpango sasa hivi, kwa sababu mimba mpya itapandisha hCG na hakuna atakayejua kinachoendelea. Mtoto atapatikana in shaa Allah. Wengi huzaa vizuri baadaye. Akipewa kemo, kawaida mtaambiwa msubiri mwaka mmoja.

Khadija, Majengo: Shangazi alimaliza kemo. CA-125 ilikuwa 11, halafu 17, sasa 29. Maabara imeandika iko sawa.

Mpeleke karatasi zote tatu kwa daktari wake. Chini ya 35 haimaanishi sawa kwa mtu aliyekuwa na 11. Haimaanishi pia kwamba kemo inaanza kesho: watakirudia kipimo, watamchunguza, huenda wakapiga skani. Mwulizeni na kuhusu kipimo cha jeni za BRCA, ambazo zikiwa na hitilafu huongeza hatari ya saratani ya ovari na titi. Akiwa na hitilafu hiyo kuna vidonge kama olaparibu vinavyoweza kumsaidia, na wewe, mama yako na ndugu zako mtakuwa na jambo la kupima, wanaume pia, maana hitilafu hiyo hupita kwa baba vilevile.

Bi. Mwanaisha, Mji wa Kale: Mwezi wa Ramadhani nafunga. Nikitolewa damu ya CA-125 asubuhi majibu yataharibika?

Hayaharibiki, Bi. Mwanaisha. Kipimo hiki hakijali umekula au umefunga. Suala la funga yenyewe muulize shekhe wako, na akikuambia usubiri, njoo baada ya futari mahali maabara iko wazi usiku. Lakini kama uko kwenye kemo na unafunga, hilo mwambie daktari wako kabla ya dawa inayofuata, kwa sababu sisplatini hasa inahitaji unywe maji mengi kulinda figo.