Alama sugu kwenye rangi ya gari: kuziondoa nyumbani bila kumaliza klia

Gari limetoka kupigwa polishi, linang'aa mpaka unajiona uso. Mvua ya pili tu, ile mistari ya duara kwenye boneti imejitokeza upya, imetanda kama utando wa buibui. Haikurudi, ilikuwepo muda wote. Polishi nyingi za bei nafuu zina mafuta na nta zinazoujaza mkwaruzo ukafichika, na gari likioshwa mara mbili tatu vinaondoka. Kuuondoa mkwaruzo wenyewe ni kazi nyingine kabisa: unaipunguza rangi iliyo kandokando yake mpaka ishuke kufikia kitako cha mkwaruzo.

Ndiyo maana hesabu ya kwanza ni ya unene. Juu ya rangi ya kiwandani kuna klia, tabaka angavu linalobeba mng'ao na kuikinga rangi na jua. Mara nyingi klia hiyo ina unene wa mikroni 35 hadi 50 tu, wakati karatasi ya kawaida ya A4 ina kama 100. Raundi moja ya kompaundi, yaani krimu yenye chembe za kusugulia rangi, kwa mashine hula kati ya mikroni 1 na 3, na msasa hula zaidi. Ukiikondesha klia kupita kiasi, jua litamalizia: itapauka, itavimba, kisha itabanduka kama ngozi iliyoungua. Ikishafika hapo hakuna polishi ya kuiponya, ni kupuliza rangi upya.

Jua kwanza unashughulika na nini

Chukua kitambaa chenye kompaundi kidogo, usugue sehemu iliyofichika. Kwa gari la rangi tumia kitambaa cheupe, kwa gari jeupe tumia cheusi, vinginevyo hutaona kitu. Kitambaa kikishika rangi ya gari, hapo hakuna klia, unasugua rangi yenyewe. Toyota nyeupe zenye msimbo wa rangi 040 mara nyingi ziko hivyo. Zinang'arishwa vizuri tu, ila usishtuke pedi ikigeuka nyeupe.

Gari lililopitia gereji ya mtaani lichunguze zaidi. Gusa ndani ya fremu ya mlango, au popote fundi alipopulizia pasipoonekana, kwa pamba yenye tina ya kuchanganyia rangi. Rangi ikiyeyuka na kuchafua pamba, ni ile ya nitro isiyotumia hadina, yaani kemikali ya kuigandisha rangi. Ni laini, haivumilii joto la mashine, kwa hiyo hapo fanya kwa mkono.

Sasa pima mkwaruzo wenyewe kwa ukucha, ukikatisha mstari. Ukucha ukipita bila kukwama, kompaundi itautoa. Ukikwama kidogo, utapungua lakini huenda usiishe. Ukiona kijivu cha praima, ile rangi ya chini, au bati lenyewe, hapo pana kazi ya rangi ya kugusia kwa brashi, na kila dakika ya polishi utakayoongeza ni hasara.

Vifaa

Mashine inayofaa nyumbani ni ya DA, yaani ile ambayo pedi huzunguka na kuyumba kwa wakati mmoja. Ina kasi ndogo ya kukata lakini inasamehe makosa. Rotari, ile inayozunguka tu bila kuyumba, hukata haraka, na mkono usiozoea huacha mawimbi ya mwanga yanayoonekana juani. Grenda ya kukatia vyuma iliyofungwa pedi usiikaribishe: huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika, wakati rotari ya polishi hufanya kazi kwenye 1,000 hadi 1,500. Sekunde mbili kwenye kona na umeona bati.

Pamoja na mashine, tafuta pedi mbili ngumu za sponji za kukatia na mbili laini za kumalizia, pedi ndogo ya inchi 3 kama mashine yako inaikubali, kompaundi, polishi ya kumalizia, taulo za maikrofaiba zisizopungua nane, klei ya kusafishia rangi, tepu ya karatasi ya mafundi rangi, na msasa wa maji namba 2500 na 3000. Nunua pia spiriti ya isopropili ya asilimia 70. Mililita 200 ukichanganya na maji mililita 800 unapata mchanganyiko wa asilimia 14, ambao huondoa mafuta bila kuiumiza rangi. Hicho ndicho kipimo cha ukweli wa kazi yako: futa kwa spiriti hii iliyochanganywa, halafu angalia. Kilichoonekana kimetoka huku mafuta bado yapo juu, usikiamini.

Hatua ya 1: Osha mpaka rangi iwe laini

Tumia ndoo mbili, moja ya shampuu, moja ya kusuuzia kitambaa. Lami itoe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo kisha uoshe tena. Utomvu wa mti ulowanishe kwa ile spiriti ya asilimia 70 kwa nusu dakika, ufute taratibu.

Gari likiwa safi, vaa mkononi nailoni nyembamba ya kufungia mkate upapase boneti. Vidole vitahisi chembe ambazo mkono mtupu hauzioni. Zitoe kwa klei: mwagia maji ya shampuu kwa wingi, telezesha klei bila kukandamiza, ikunje upya kila inapochafuka. Ikidondoka chini, itupe. Chembe moja ya mchanga ndani yake inachora mikwaruzo mipya mingi kuliko uliyokuja kuitoa.

Madoa ya maji ya kisima, yale meupe ya duara, yawahi hapa. Maji ya visima vingi vya Dar es Salaam na Mombasa yana chumvi, na gari likikaukia juani chumvi hubaki. Changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, lowesha taulo, ilaze juu ya doa dakika moja au mbili bati likiwa baridi, kisha suuza kwa maji mengi. Doa likibaki kama kishimo, limeshaila klia, na hilo ni la kompaundi.

Hatua ya 2: Jaribu sehemu moja kwanza

Fanya kazi kivulini, asubuhi bati likiwa bado la baridi. Funika kwa tepu kingo za boneti, mikunjo mikali ya bodi, mipira ya madirisha na plastiki nyeusi. Kwenye kingo klia huwa nyembamba kuliko kwingine, na huko ndiko watu wengi hutobolea.

Chagua mraba wa sentimita 45 kwa 45. Anza na kilicho chepesi zaidi: pedi laini na polishi ya kumalizia. Futa kwa spiriti, mulika kwa tochi ukiielekeza kwa pembeni, siyo moja kwa moja. Alama zikiwa zimetoka, umeshapata jibu na umeokoa klia. Zikibaki, panda ngazi: pedi ngumu na polishi ileile, kisha pedi ngumu na kompaundi. Kuanza na kompaundi kali kwa sababu gari "limechoka" ni uvivu wa kupima.

Hatua ya 3: Kompaundi

Pedi mpya ipake kompaundi nyembamba uso mzima. Baada ya hapo, matone manne ya ukubwa wa punje ya choroko yanatosha kwa kila mraba. Tandaza kwa kasi namba 2, kisha panda hadi 4 au 5 kati ya 6.

Sogeza mashine polepole, sentimita 2 hadi 3 kwa sekunde, kila mstari ukifunika nusu ya uliotangulia. Pita kwenda na kurudi, kisha juu na chini, jumla mara nne hadi sita. Mkandamizo ni kilo 5 hadi 7. Usipojua zikoje, ubonyeze mkono kwenye mizani ya kupimia uzito wa mwili. Chora pia mstari wa kalamu ya wino mzito nyuma ya bamba la pedi. Mstari ukiacha kuzunguka, umekandamiza mno au umeinamisha mashine: pedi inatetemeka tu, haikati. Hili ndilo huwafanya wengi waseme DA "haina nguvu".

Kila baada ya mraba mmoja, isafishe pedi kwa brashi ngumu. Klia iliyokatwa hujaa ndani yake pamoja na kompaundi iliyokauka, na pedi iliyojaa huteleza na kuchemka. Kompaundi ikitoa vumbi, umeiweka kidogo mno au bati lina joto. Mashine ikirukaruka, pedi imelowa kupita kiasi, badilisha. Na gusa bati mara kwa mara: uvuguvugu ni sawa, ukishindwa kuacha kiganja juu yake, simama. Bampa lisimamie zaidi ya yote, maana plastiki haisambazi joto kama bati, na rangi yake huvimba ghafla.

Hatua ya 4: Zile zilizogoma

Baada ya kompaundi, mistari ya duara huwa imekwisha na hapo ndipo mikwaruzo mirefu ya pekee hujitokeza, ile ya funguo, kucha kwenye mshikio wa mlango na matawi. Ilikuwa imejificha katikati ya mingine. Usirudie boneti zima kwa ajili ya mistari mitatu. Weka pedi ya inchi 3, fanya raundi mbili juu ya mstari wenyewe, futa kwa spiriti, angalia. Ukiona kingo zake zimelainika na mwanga haukwami tena pale, mtu aliyesimama hatua mbili hauoni. Hapo ndipo pa kuuacha.

Kovu la mavi ya ndege lina tabia yake. Asidi huila klia, na klia inapopashwa na jua kisha ikapoa, umbo hilo hubaki limechorwa. Lipe raundi mbili. Ukiona ndani yake kuna nyufa nyembamba kama udongo wa bwawa lililokauka, acha, nyufa hizo zimeshuka chini.

Msasa ni wa mwisho, na ni kwa rangi yenye klia tu. Usiuguse kwenye kingo, kwenye mikunjo, wala kwenye sehemu usiyojua ilipulizwa mara ngapi. Loweka namba 2500 dakika 10 hadi 15 kwenye maji yenye tone la shampuu, uzungushie kwenye kipande laini cha sponji, kamwe siyo kwenye ncha ya kidole, maana kidole huchimba mfereji. Sugua kwa mistari iliyonyooka, mara kumi, uzito wa mkono tu, ukivuka mkwaruzo kidogo pande zote. Kausha, angalia. Maji ya maziwa ni klia. Yakigeuka rangi ya gari, umeshatoboa. Ukihitaji zaidi, ongeza mara tano tano. Ukiridhika, rudia kwa 3000 ukikatisha mwelekeo wa kwanza, mpaka mistari ya 2500 ipotee, kisha kompaundi kwa pedi ngumu. Vijikwaruzo vilivyojiviringa kama mkia wa nguruwe maana yake kulikuwa na chembe chini ya msasa. Suuza msasa na bati kila mara, maji si ghali hivyo.

Hatua ya 5: Kumalizia

Kompaundi huacha ukungu mwembamba, na kwenye rangi nyeusi unaonekana kama moshi. Pedi laini, polishi ya kumalizia, kasi 3 hadi 4, mapito manne, na pito la mwisho uzito wa mashine peke yake. Toyota nyeusi ya msimbo 202 ni mtihani: ni laini kiasi kwamba hata taulo lenye vumbi linaichora, kwa hiyo taulo la kufutia liwe jipya au limefuliwa bila kemikali ya kulainishia nguo.

Futa gari zima kwa spiriti, kagua juani, ndipo upake nta au kinga ya kemikali, safu nyembamba. Nta nene haikingi zaidi, inakutesa tu wakati wa kuifuta. Kinga ya kemikali ipe saa 12 bila maji, au kadiri chupa inavyoelekeza.

Ndege akiliwahi gari kesho yake, usiyakwangue mavi makavu. Laza tishu iliyolowa maji juu yake dakika tano, kisha yanyanyue kwa kuyabana, bila kuyaburuta.