Kalsiamu imezidi kidogo tu? Usiitupe hiyo karatasi ya maabara

Wamama wa Mbeya, Iringa, Njombe, hii inawahusu sana, hasa mliokoma hedhi. Ukiambiwa kalsiamu kwenye damu iko juu kidogo na shida ni tezi za parathairoidi, "lakini sio mbaya, tutaangalia", basi hakikisha kweli inaangaliwa. Vitezi hivi viko vinne shingoni, vidogo kama punje ya mchele, na mara nyingi kimoja tu ndo kinavimba (karibu mara zote sio kansa) kinaanza kumwaga homoni kupita kiasi, homoni inachomoa kalsiamu kwenye mifupa, miaka inaenda na wewe husikii chochote, mpaka siku mama anateleza kwenye tope la masika, anaegemea mkono na mkono unavunjika, watu wanasema ni uzee. Pingili za mgongo nazo huvunjika. Figo zinaweza kuweka mawe au kupungua nguvu, na wengine wanachoka tu, wanasahau sahau, wanakosa raha.

Anza kwa kurudia kipimo. Omba kalsiamu na homoni ya parathairoidi vipimwe kwenye damu ya siku hiyo hiyo, pamoja na figo na vitamini D. Hapa wengi wanapotezwa: kalsiamu ikipanda hiyo homoni ilitakiwa ishuke, kwahiyo ukisoma homoni "iko kawaida" huku kalsiamu iko juu, hiyo sio kawaida, muulize daktari.

Baada ya hapo kalsiamu na figo kila mwaka, uimara wa mifupa (kipimo cha DXA) kila mwaka mmoja au miwili na waambie wapime na mkono, sio nyonga na mgongo tu. Kipimo cha mifupa hakipo kila hospitali, omba rufaa mapema. Karatasi zote weka kwenye bahasha moja maana kinachotafutwa ni namba zinaelekea wapi.

Nyumbani kunywa maji, hata Juni na Julai baridi ikibana na hamu ya maji ikakata kabisa, weka ya uvuguvugu kwenye chupa ya chai. Maziwa na dagaa usiache! Ukiacha, homoni inazidi kupanda. Ila vidonge vya kalsiamu usijinunulie dukani, na kama unameza dawa ya presha ya kukojoza ya aina ya thiazaidi mwambie daktari, usiikate mwenyewe.

Operesheni ya kutoa kitezi kilichovimba ndo inayoponya. Uliza habari zake kama una chini ya miaka 50, una mawe kwenye figo, mfupa wa mgongo umeshavunjika, kipimo cha mifupa (T-score) ni -2.5 au chini zaidi, kipimo cha kazi ya figo (eGFR) kiko chini ya 60, au kalsiamu imepita kikomo cha juu cha maabara kwa zaidi ya 0.25 mmol/L. Na ukiwa na kiu kali, unatapika, akili inachanganyikiwa, usisubiri kliniki, nenda hospitali siku hiyo hiyo.